Msimpe mzee kidonge cha huzuni kabla ya kuupima moyo wake

Kasongo, kusini mwa Maniema.

Leo sina habari za barabara wala za bei ya mihogo. Nina neno moja juu ya wazee wetu na dawa wanazopewa, na nitalisema kwa hasira kidogo. Mtanivumilia.

Kuna mama mzee ninayemfahamu, amepita miaka 70, aliyekimbia kutoka pande za Salamabila. Analala kwenye chumba kimoja na wajukuu katika nyumba ya mkwe wake. Kwa miezi mingi hakupata usingizi. Alikuwa akikaa mlangoni usiku, mkono kifuani, akisema: "Moyo unanipiga. Moyo unaniuma." Mjukuu wake akampeleka pahali wanapotoa dawa. Sitapataja. Huko walimsikiliza kwa dakika chache: kukimbia, nyumba iliyochomwa, mtoto aliyefia njiani. Walimhurumia, na hilo sikatai. Kisha wakampa vidonge vya amitriptyline vya miligramu 25, ameze viwili kila usiku.

Hakuna aliyemshika mkono kuhesabu mapigo, wala aliyempima tansio. Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuzimia, kama miguu inavimba, au anakunywa dawa gani nyingine. Usiku wa tatu aliamka kwenda chooni, kizunguzungu kikamshika, akaanguka na kuvunjika nyonga. Alipopimwa pahali pengine baadaye, tansio yake akiwa amelala ilikuwa 15 kwa juu. Walipomkalisha taratibu, miguu ikining'inia, ilishuka hadi 11.

Siwezi kuapa kwamba kidonge ndicho kilichomwangusha. Mzee anaweza kuanguka bila kidonge chochote. Lakini naweza kusema hivi: walimpa dawa inayojulikana dunia nzima kuwa inashusha tansio ya mzee anaposimama na kuugusa umeme wa moyo, na hawakuugusa mkono wake hata mara moja. Hilo ndilo linalonikasirisha, na mama huyu si wa kwanza.

Neno "moyo" linatudanganya

Katika Kiswahili chetu moyo ni vitu viwili. Ni ile nyama inayopiga kifuani, na ni pahali tunapoweka huzuni. Mtu aliyefiwa anasema moyo unamuuma. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo naye anasema moyo unamuuma. Mzee aliyekimbia vita anaweza kuwa na yote mawili siku moja: amepoteza shamba na watoto, na pia ana tansio ya miaka 10 ambayo haijapata dawa tangu alipoacha kijiji.

Sasa muuguzi akisikia "moyo unaniuma" kutoka kwa mkimbizi, sikio lake linakwenda moja kwa moja kwenye huzuni, kwa sababu ameambiwa kwenye semina kwamba wakimbizi wana huzuni. Akisikia maneno yale yale kutoka kwa mfanyabiashara wa mjini, anachukua kipimo cha tansio. Huo ndio ubaguzi wetu mdogo wa kila siku, tunaoufanya bila nia mbaya. Mkimbizi mzee naye ana moyo wa nyama. Aulizwe habari za mioyo yote miwili.

Dawa yenyewe inafanya nini

Amitriptyline si dawa ya uongo. Inasaidia watu wengi wenye ugonjwa wa huzuni kali, na wengine hupewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu au kichwa kinachorudia. Kwa miaka mingi imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya OMS. Ni rahisi, inaleta usingizi, na inapatikana hata kwenye maduka madogo ya dawa. Kwa sababu hiyo watu wanaiita dawa ya usingizi na kuiuza kama peremende.

Ila ni ya familia ya kizamani, iliyoanza na imipramine huko Uswisi katika miaka ya 1950. Familia hiyo ina tabia zinazojulikana. Kwanza, inalegeza mishipa ya damu, ndiyo maana mtu akisimama ghafla damu inachelewa kufika kichwani. Pili, inafanya moyo uende mbio. Tatu, inachelewesha umeme unaoongoza mapigo ya moyo. Moyo unapiga kwa sababu umeme mdogo unapita ndani yake kwa mpangilio, kama watu wanaopokezana ndoo kisimani. Ukichelewesha mikono ya hao watu, ndoo zinamwagika. Kwa kijana mwenye moyo mzima, kwa kipimo kidogo, mara nyingi hakuna kinachotokea. Kwa mzee ambaye njia za umeme zimeshachakaa, au aliyewahi kupata shambulio la moyo, mapigo yanaweza kuvurugika, na mapigo yakivurugika sana mtu anaanguka na haamki.

Mzee ana mambo mengine pia. Ini lake na figo zake zinaondoa dawa polepole, kwa hiyo kidonge cha jana kinakutana na cha leo. Dawa hiyo inakausha mdomo, inafunga choo, inaziba mkojo kwa mzee mwenye tezi dume, na inaweza kumchanganya akili usiku. Watu wa nyumbani wakimwona anaongea na watu wasiokuwepo wanasema ni mapepo. Kumbe ni dawa.

Haya si maneno yangu. Mwongozo ambao OMS na HCR waliutoa mwaka 2015 kwa ajili ya pahali pa vita na maafa, yaani pahali kama petu, unasema amitriptyline iepukwe kwa wazee ikiwezekana, na isipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Huko Marekani, orodha ya Beers, ya dawa zisizofaa kwa wazee, inaitaja dawa hii tangu mwaka 1991. Kwa hiyo anayeigawa kwa mzee bila kumpima hana udhuru wa kusema kwamba vita vimezuia habari. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya vita.

Huku kwetu hatari inaongezeka

Wazee wa Ulaya wanakunywa dawa hii wakiwa wamelala karibu na hospitali. Wazee wetu wanainywa katikati ya malaria na kuhara, na vyakula ni vichache.

Chukueni malaria. Dawa yenye artemether na lumefantrine, ile ambayo wengi mnaijua kwa jina la Coartem, yenyewe inarefusha kidogo muda wa umeme wa moyo. Tena inazuia ini lisiiondoe amitriptyline upesi, hivyo amitriptyline inapanda ndani ya damu. Karatasi ya dawa hiyo ya malaria inalitaja jambo hili kwa jina. Kwinini nayo inaugusa umeme wa moyo. Ni mzee gani wa Kabambare anayemaliza mwaka bila malaria? Na ni nani anayemuuliza mgonjwa wa malaria kama anakunywa dawa ya usingizi? Nisieleweke vibaya: malaria itibiwe, tena siku hiyo hiyo, maana inaua haraka kuliko huzuni. Ninachotaka ni muuguzi ajue dawa zote mbili, ili aamue ipi isimame kwanza na amwangalie mgonjwa.

Chukueni kuhara na kipindupindu. Mtu akihara sana anapoteza potasiamu, chumvi ambayo moyo unaihitaji ili umeme wake utembee sawa. Dawa za kukojoza, kama furosemide wanayopewa wenye miguu iliyovimba, nazo zinaitoa. Mzee asiye na potasiamu ya kutosha, aliyewekewa amitriptyline juu yake, amewekwa pembeni ya shimo.

Chukueni na tramadol, ambayo vijana wanaimeza ovyo na wazee wanaimeza kwa maumivu ya mgongo. Pamoja na dawa za huzuni inaweza kuleta degedege. Na lotoko juu ya amitriptyline inamwangusha hata mtu mwenye nguvu.

Halafu kuna watoto. Familia iliyohama inalala watu 10 chumba kimoja, na dawa ya bibi iko ndani ya kikombe dirishani. Vidonge vichache tu vya amitriptyline vinaweza kumuua mtoto mdogo, na pakiti nzima inaweza kumuua mtu mzima aliyekata tamaa. Anayemkabidhi mgonjwa wa huzuni vidonge vya mwezi mzima bila kuuliza vitawekwa wapi, amefanya kazi nusu.

Wanaosema "afadhali kitu kuliko kutopewa kitu"

Nimelisikia jibu hili mara nyingi, hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: dokta wa akili hayupo, mashine ya umeme wa moyo haipo, mzee analia, tumpe nini? Afadhali kidonge.

Najibu hivi. Hatuhitaji mashine ili kuhesabu mapigo. Saa ya mkononi inatosha, hata simu. Mapigo ya mtu aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Yakiwa chini au juu sana, au yanaruka kama ngoma iliyokosewa, simama. Kipimo cha tansio kiko katika vituo vingi vya afya: mpime mzee akiwa amelala, kisha asimame, ndani ya dakika 3 umpime tena. Namba ya juu ikishuka kwa 2 au zaidi, tuseme kutoka 14 hadi 12, huyo hafai amitriptyline. Muulize kama amewahi kuzimia, kama kifua kinabana akipanda kilima, kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Haya yote hayafiki robo saa wala hayaombi mfadhili.

Na si kweli kwamba chaguo ni kidonge hicho au mikono mitupu. Fluoxetine nayo imo kwenye orodha ya OMS, na mwongozo unaitanguliza kwa wazee. Haishushi tansio kama amitriptyline, na mtu akizidisha si rahisi kumuua. Nayo ina masharti yake: kwa mzee inaanza kidogo, miligramu 10, inaweza kupunguza chumvi ya damu, pamoja na diclofenac au aspirini inaweza kuleta damu tumboni, na isichanganywe na amitriptyline, kwa sababu inaipandisha ndani ya damu. Kuhusu dawa zinazokaribiana nayo, utafiti uliotoka mwaka 2002 ulifuatilia wagonjwa 369 waliotoka kupata shida kali ya moyo, na sertraline haikuonekana kuudhuru moyo wao. Lakini hata katika familia hii mpya si zote sawa: mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu citalopram, na kwa aliyepita miaka 60 ikaweka mwisho wa miligramu 20 kwa siku. Kwa hiyo msiniambie "dawa mpya ni salama" kisha mkaacha kupima. Nasema kuna nafuu, na nafuu hiyo iagizwe ifike huku.

Tena kuna kutibu bila kidonge. Mwongozo huo unasema msiba wa kawaida si ugonjwa wa kupewa dawa ya huzuni. Mama aliyezika mtoto njiani bila matanga anahitaji kwanza matanga: watu wakae naye, jina la mtoto litajwe, dua au misa isomwe. Kwa huzuni inayozidi hapo, mwaka 2016 OMS ilitoa njia ya mazungumzo ya vikao 5 ambayo hata mtu asiye dokta anaweza kufundishwa. Wanajamii wetu wa afya, akina reko, wanaotembea nyumba kwa nyumba kwa habari za chanjo, hawashindwi na vikao 5.

Na wanaosema "dawa hizi zote ni sumu"

Upande wa pili nao siuachi. Kuna wanaosikia habari ya kuanguka kwa mama kama yule na kusema: tupeni vidonge vyote, mzee asali tu. Hapana. Huzuni kali nayo inaua, na inaumiza moyo wa nyama: mwenye ugonjwa wa moyo akipata na huzuni kali, hali yake huwa mbaya zaidi kuliko mwenzake asiye na huzuni. Hali chakula, anaacha dawa ya tansio, analala tu, na wengine wanatafuta kujiua. Mzee kama huyo anaweza kuhitaji dawa, na apewe bila aibu, ila kwa kipimo kidogo na macho yakiwa juu yake.

Na wewe msikilizaji ambaye mzazi wako anakunywa dawa hizi sasa, usizitupe leo kwa sababu ya maneno yangu. Kuziacha ghafla kunaleta kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi, na huzuni inaweza kurudi kwa nguvu. Mpeleke akapimwe, na vidonge umkononi.

Kasongo haina haki ya kuwa nyuma

Jambo moja linaniuma kama mtu wa hapa. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Kongo na wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerpen walifanya kazi hapa Kasongo kuonyesha jinsi vituo vidogo vya afya na hospitali moja ya rufaa vinavyoweza kufanya kazi kama mwili mmoja. Mwaka 1981 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha kazi yao kuhusu chanjo ya surua na watoto wa Kasongo. Leo nchi nzima ina zoni za afya zaidi ya 500, na Kasongo ni moja ya mahali wazo hilo lilipojaribiwa kwanza. Msingi wake ulikuwa kwamba mgonjwa anajulikana kwa jina na kadi yake, na anayemtibu leo anajua alichopewa jana.

Basi iweje katika mji huo huo mzee apewe dawa ya moyo na kichwa bila kadi? Mradi unafika, unagawa dawa miezi 6, picha zinapigwa, mradi unafunga. Wauguzi waliofundishwa wanahamishwa. Dawa inakwisha ghafla, na mgonjwa anaachwa na vidonge 4 mfukoni. Kisha anakwenda kununua dukani kwa rangi: "nipe kile cha usingizi."

Tunachodai

Kwa wakuu wa zoni za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila: toeni agizo la maandishi kwamba hakuna mtu aliyepita miaka 60 atakayeanzishiwa dawa ya huzuni bila maswali ya moyo, mapigo, na tansio ya kulala na kusimama, vyote vikiwa vimeandikwa kwenye kadi. Na katika kila hospitali kuu ya rufaa, wananchi waambiwe hadharani: mashine ya kupima umeme wa moyo iko au haiko, inafanya kazi au imelala kabatini, na nani anajua kuisoma. Mashine hizo siku hizi ni ndogo, zinabebwa kwa mkono na zinatumia betri.

Kwa mashirika: mkileta amitriptyline, leteni na fluoxetine, na vipimo vya tansio vyenye betri. Siku mnayofungua mradi, semeni dawa itatoka wapi siku mtakayoufunga.

Kwa wenye maduka ya dawa: acheni kuuza amitriptyline bila karatasi ya muuguzi. Mnajua mnachokifanya.

Kwa familia: wekeni dawa zote za mzee kwenye mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba, na mwende na mfuko huo kila mnapokwenda kituoni, hata kwa malaria. Vidonge vikae juu, mbali na watoto. Usiku mzee aketi kwanza kitandani, ahesabu hadi 20, ndipo asimame, na mtu awe karibu. Akizimia, moyo ukienda mbio bila sababu, kifua kikibana, au akianza kuchanganyikiwa, asisubiri asubuhi.

Yule mama wa Salamabila bado amelala mkekani. Nilipomtembelea aliniuliza kama nitamtafutia dawa ya kulala. Nikamwambia nitamletea muuguzi mwenye kipimo cha tansio kwanza. Akacheka, akanyoosha mkono wake: "Basi aje, mwanangu. Mkono ni huu."